Kinga Aliyompa Mwanawe

Mtoto alizaliwa amekunja uso. Alilia kidogo tu, kisha akanyamaza akawa anawatazama watu kama meneja aliyeingia ofisini saa tatu akakuta viti vitupu. Baba yake alicheka mpaka mkunga akamwambia ashushe sauti.

"Huyu ni bosi," alisema. "Mimi na mama yake tumeajiriwa leo."

Jina lile likamganda mtoto. Lile la kwenye cheti hakuna aliyelitumia isipokuwa nesi wa chanjo, na mama yake, kama ilivyo desturi ya wanawake waliozaa, akawa Mama Bosi tangu siku hiyo. Baba alikuwa na lakabu yake tayari. Mtaa mzima ulimwita Pancha, kwa sababu alikuwa na kibanda kando ya barabara, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, akiziba matairi ya baiskeli, pikipiki na magari madogo. Watu walifika pale wamenuna na kuondoka wanacheka, maana Pancha hakuweza kushika spana bila kuachia neno la utani. Matairi mabovu aliyarundika nyuma ya kibanda. Siku moja yatafaa, alikuwa akisema, na mkewe alimjibu kwamba siku hiyo imepotea njia.

Mama Bosi alipiga pasi katika duka la dobi, mtaa wa pili. Alisimama kutwa kwenye mvuke, shati baada ya shati, na alijivunia kola zake. Alisema mtu akivaa shati alilolinyoosha yeye, hata uongo wake unasikika kama ukweli.

Miaka miwili kabla ya kubeba mimba hiyo, aliugua homa ya dengi, ile ambayo wazee waliiita kidingapopo. Alilala siku sita. Macho yaliuma hata kuyazungusha, mifupa ilimuuma kama mtu aliyeichomoa akairudisha vibaya, na shuka ikimgusa tu alilia. Akapona, akasahau, kama watu wanavyosahau.

Alikumbuka alipokwenda kliniki ya wajawazito. Pale palikuwa na nesi wa utafiti, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, ambaye wote walimwita Sista. Alikuwa akiandikisha wanawake ambao wangekubali kutoa damu wakati wa ujauzito, kisha watoto wao wafuatiliwe mpaka watimize mwaka. Mama Bosi alikubali, kwanza kwa sababu waliokubali walikuwa wanapimwa upesi na kurudi kazini.

Majibu yalipotoka, Sista alimwita chumbani akitabasamu.

"Damu yako imejaa kingamwili za dengi, Mama. Unazijua?"

"Nikizijua utanipa kazi, Sista?"

"Ni askari. Mwili wako uliwatengeneza ulipoumwa, na mpaka leo wanapiga doria. Uzuri wake ni kwamba wanapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Atazaliwa nao."

Mama Bosi aliweka mkono juu ya tumbo. "Kumbe yale mateso hayakwenda bure."

"Hayakwenda bure," alisema Sista.

Fomu ya utafiti ilikuwa na kurasa nne. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na aya iliyosema kwamba kinga hiyo hupungua mwezi hata mwezi, na kwamba kuna kipindi, kabla haijaisha, mtoto anaweza kuugua vibaya kuliko asiyekuwa nayo kabisa. Sista aliisoma. Lakini nje kulikuwa na foleni ya wanawake wenye miguu iliyovimba, na aliisoma mbio mbio, na Mama Bosi aliisikia kama mtu anavyosikia matangazo ya kituoni wakati basi lake si lile linalotajwa. Akatia sahihi.

Basi Bosi akazaliwa, na kila mwezi Sista alikuwa akija nyumbani na begi lake la bluu, anampima urefu, anampima uzito, anamdunga kisigino na kuchukua matone machache ya damu. Bosi hakumpenda. Akimwona tu uso unakunjamana.

"Mkaguzi amekuja," alisema Pancha. "Bosi hataki ukaguzi."

Mwezi wa pili alitabasamu kwa mara ya kwanza, kwa baba yake, na Pancha alifunga kibanda mapema akaenda kuwatangazia watu. Mwezi wa tano akajigeuza. Mwezi wa sita akakaa bila kuegemezwa, na alipoona mama yake anarudi kazini alipiga mikono chini kama anayepiga meza.

Mwezi wa saba mvua zilinyesha wiki mbili mfululizo, zikakatika, jua likawaka. Dengi ikaingia mtaani. Ua waliopanga ulikuwa na familia nne, na watoto watatu wa mlango wa jirani waliugua kwa zamu: homa kali, vipele vyekundu, kulia bila sababu. Siku ya tano walikuwa wanafukuzana na kuku. Mama yao, ambaye hakuwahi kuugua dengi maishani mwake, alikonda kwa wasiwasi. Mama Bosi ndiye aliyekuwa anamtia moyo.

"Wangu ana askari," alisema. "Nilimpa mwenyewe."

Bosi alipata homa siku ya Jumatatu.

Mama yake alingoja mpaka Jumanne ndipo akampeleka kliniki, ingawa Sista alikuwa amewaambia wote kwamba joto lolote ni siku hiyohiyo. Alipimwa. Ilikuwa dengi. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alimwambia ampe dawa ya maji ya kushusha homa, amnyonyeshe mara nyingi, na amrudishe kila asubuhi kupima damu, hata akionekana nafuu. "Hata akionekana nafuu," alirudia. Jumatano akarudishwa. Homa ilikuwa palepale, ila damu haikuwa na tatizo kubwa.

Siku hiyohiyo mama yake Pancha aliwasili kwa basi kuja kusaidia. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye kauli ya mwisho katika kila jambo. Alimpokea mjukuu mgongoni na hakumtua.

Alhamisi asubuhi Mama Bosi aliamka akamgusa mtoto shingoni. Hakuwa wa moto. Alimgusa tumboni, miguuni, akamwita mumewe kwa sauti ambayo ilimfanya Pancha aje na sabuni usoni.

"Imekatika! Homa imekatika!"

Bibi alipiga vigelegele, jirani akatoka nje kuona kuna nini. Bosi alikuwa amelala, ametulia, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Mama yake alifungua kanga ya kumbebea kliniki, lakini Bibi alimshika mkono.

"Mwanangu, mtoto hajalala tangu Jumatatu. Mwache alale. Homa imeisha, unampelekea nini sindano? Mtakwenda mchana."

Ilikuwa na maana. Mama Bosi alikunja kanga. Pancha akaenda kufungua kibanda, na mteja wa kwanza alihudumiwa kwa mizaha mitatu.

Saa tano mtoto aliamka, akakataa ziwa. Akalia kilio chembamba, kisicho chake. Mama yake alimshika vidole, akakuta vya baridi. Alimshika miguu, ya baridi pia, huku tumbo limejaa na kukazana. Nepi aliyomvalisha alfajiri ilikuwa bado kavu. Kwenye mkono wake mdogo kulikuwa na vidoa vyekundu, kama vya ncha ya kalamu, ambavyo havikufutika alipovibonyeza.

Hakusubiri kuvaa viatu. Pancha alimwona anapita na mtoto mkononi, akaacha gari la watu juu ya jeki.

Hospitalini walipokelewa upesi. Waliomhudumia walifanya kila walichoweza, na hilo lisemwe. Daktari yuleyule alitafuta mshipa kwenye mkono, akakosa, akatafuta mguuni, akakosa, akaupata kichwani. Aliwaeleza huku mikono ikifanya kazi. Mishipa ya damu imeanza kuvuja, alisema. Maji yanatoka yanaingia tumboni na kifuani, damu inayobaki inakuwa nzito. Kukatika kwa homa ndipo hatari inapoanza. Wakimpa maji kidogo, moyo unakosa cha kusukuma. Wakimpa mengi, yanakwenda kwenye mapafu.

Saa kumi alipata nafuu kidogo, akafungua macho, akamtazama baba yake na kukunja uso. Pancha alisema, "Niko kazini, Bosi. Sijatoroka." Daktari aligeuka kuangalia ukutani.

Ijumaa saa nne asubuhi Bosi alifariki. Alikuwa na miezi saba na siku kumi na moja.

Walimzika. Siku zile za kwanza watu walikuwa wengi nyumbani, na wingi ule ulisaidia, maana mtu hapati nafasi ya kuanguka. Shida ilianza walipotawanyika. Mama Bosi maziwa yake hayakujua kilichotokea. Yalikuja kwa saa zake, asubuhi, adhuhuri na jioni, yakalowanisha blauzi, na alikuwa akienda kuyakamua bafuni huku ameuma taulo.

Wiki ya pili alikuja bwana afya wa mtaa na kijana wa kubeba vifaa. Walizunguka ua. Nyuma ya kibanda cha Pancha, bwana afya aliinamisha tairi moja, akamimina maji kwenye bakuli jeupe, akawaonyesha waliokusanyika. Viluwiluwi vilikuwa vinajipindapinda ndani yake.

"Mbu wa dengi hana haja ya mto," alisema. "Anataka kijiko cha maji safi tu. Hapa mwenyewe alijengewa ghorofa."

Hakuwa na nia mbaya. Pengine hakujua alikuwa anasimama mbele ya nani. Lakini watu wote waligeuka wakamtazama Pancha, na Mama Bosi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa sauti ambayo hakuitambua:

"Mbu wako wamemuua mwanangu."

Pancha alichukua kisu kikubwa cha kukatia mpira, akaanza kukata matairi yale moja baada ya jingine, na hakuacha mpaka yote thelathini na kitu yakawa vipande. Mikono ilichubuka. Kesho yake alimkabidhi fundi mwingine jeki, pampu na ufunguo wa kibanda, akaenda kubeba magunia kwenye ghala. Utani wake ulikatika kama bomba lililofungwa. Aliondoka kimya, akarudi kimya, akala alichopakuliwa.

Bibi hakuondoka. Alikaa, na akawa na neno lake kila siku. "Nilimwambia tangu zamani aache uchafu ule," alikuwa akisema mezani, kana kwamba mwanawe hayupo. "Mtoto wa watu anakufa kwa ajili ya mipira mibovu." Pancha aliendelea kutafuna.

Mwezi mmoja na nusu ulipita ndipo Sista alipokuja. Hakuwa na begi la bluu. Alikuwa na bahasha, maana utaratibu wa utafiti ulimtaka afunge jalada na kurudisha majibu kwa mzazi, na alikuwa ameahirisha safari hiyo mara tatu. Pancha alikuwa ghalani, Bibi alikuwa amekwenda dukani. Walikaa wawili kwenye mkeka.

"Pole, Mama Bosi." Kisha akasita, kama mtu aliyekanyaga kitu. "Samahani. Sijui kama nikuite hivyo."

"Niite. Ndilo jina langu."

Sista alifungua bahasha, akaeleza vipimo, akakunja karatasi. Mama Bosi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nina swali moja," alisema. "Watoto wa jirani waliugua watatu. Mbu ni walewale, ua ni uleule. Mama yao hakuwa na askari, wangu alikuwa nao. Wake wanacheza hapo nje, unawasikia. Kwa nini wangu?"

Sista alivua miwani. Angeweza kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, na pengine angeshukuriwa. Lakini alikuwa amekaa kwenye mkeka ule mara saba, na hakuweza.

"Kuna jambo nililikuambia siku ya kwanza, lakini sikulieleza vizuri. Askari wale uliompa hawazaliani. Kila mwezi wanapungua. Wakiwa wengi wanamzingira kirusi, wanamfunga, hana pa kwenda. Wakiisha kabisa, mtoto anaugua kama mtoto yeyote. Hatari iko katikati. Wakiwa wachache, wanamshika kirusi lakini hawawezi kumfunga. Wanamning'inia tu. Na chembe za damu zenye kazi ya kumeza wavamizi zinamwona askari, zinamfungulia mlango, naye anaingia na kirusi mgongoni. Humo ndani kirusi anazaliana mara nyingi zaidi. Kwa kawaida ni kati ya mwezi wa tano na wa tisa."

"Bosi alikuwa na saba."

"Ndiyo."

"Na kwenye hiyo karatasi?"

"Damu ya mwezi wa sita inaonyesha kingamwili zilikuwa zimeshuka kufikia kiwango hicho." Sista alimshika mkono. "Mama, nisikilize. Kwa mtoto mmoja hatuwezi kuthibitisha. Watoto wengi wanapita kipindi hicho salama. Na hukufanya kosa. Mwili wako ulimpa ulichokuwa nacho."

Mama Bosi alisikia yote, lakini alichobaki nacho ni kimoja: ni damu yangu. Akamsindikiza Sista mpaka mlangoni, akamshukuru, akarudi akaweka bahasha chini ya godoro. Pancha aliporudi jioni alimuuliza kama kuna aliyekuja.

"Hakuna," alisema.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa na siri iliyolala chini ya mgongo wake. Kila Bibi alipotaja matairi, Mama Bosi alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa rahisi. Hakusema uongo wowote mwingine. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulimfanyia kazi. Kazini alianza kusahau. Siku moja aliacha pasi juu ya shati jeupe mpaka moshi ukatoka, na mwenye duka, ambaye hakuwahi kumgombeza, alimpeleka nje akamkalisha kwenye kiti.

"Unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi kuna kitu unakibeba. Kitue, mama. Utaunguza na duka."

Jumapili iliyofuata, mchana, Pancha alikuwa ameketi uani anashona mkanda wa kiatu. Alikuwa amekonda, shingo imebaki na mishipa. Bibi alikuwa amelala ndani. Mama Bosi alitoka na bahasha, akakaa chini mbele yake.

"Baba Bosi, acha hiyo kidogo."

Akaiacha.

"Si matairi," alisema. "Au si matairi peke yake. Ni mimi. Ni damu yangu." Akamweleza, akikosea mpangilio, akirudi nyuma, askari, milango, mwezi wa saba, mpaka akamaliza.

Pancha akauliza, taratibu, "Sista alikuja lini?"

"Ile wiki ya mvua ya upepo."

Alihesabu kwa vidole. "Wiki tano. Wiki tano mama ananiita muuaji kwenye meza yangu mwenyewe, na wewe unanipakulia chakula."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kubaki peke yangu na jambo hili."

"Na mimi nilikuwa na nani?"

Pancha alisimama, akavaa kiatu kimoja kilichoshonwa na kingine ambacho hakijashonwa, akatoka. Usiku ule alilala kwa dada yake.

Asubuhi hakwenda ghalani. Alikwenda kliniki, akakaa kwenye benchi katikati ya wajawazito mpaka Sista akamwona. Aliingia chumbani akakataa kiti.

"Sista, nataka kujua nani amemuua mwanangu. Mimi au mama yake. Nitajie mmoja nikapumzike."

"Siwezi."

"Una mashine zote hizi."

"Mashine hazijui mbu yupi. Anaweza kuwa wa matairi yako. Anaweza kuwa wa tangi la duka la dobi, au wa kopo la maua hapo nje, ambalo limejaa maji tangu juzi na hakuna aliyelimwaga. Na hizo kingamwili, inawezekana Bosi aling'atwa akiwa na miezi miwili, zikamwokoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Zilimlinda, kisha zikamgeuka, na huwezi kuzitenganisha." Akaongeza, "Na ukitaka majina, andika na langu. Ukurasa wa tatu niliusoma mbio mbio. Kila siku nasoma ule ukurasa sasa, polepole, na kila siku namwona Bosi."

Pancha alikaa kwenye kile kiti. Alikuwa amekuja kutafuta mwenye kosa mmoja, na sasa aliona kila mtu ameshika kipande, na vipande vyote havikutosha kutengeneza muuaji. Alilia pale, mbele ya mizani ya watoto. Hakuwahi kulia tangu Ijumaa ile.

Alirudi nyumbani adhuhuri akamkuta mama yake anapepeta nafaka mlangoni. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, nakuheshimu. Lakini neno la matairi lisitamkwe tena ndani ya nyumba hii. Ukilitamka, nitakubebea mizigo nikusindikize kituoni, na nitakupungia mkono."

Alitarajia kelele. Bibi aliweka ungo chini, mikono yake ikaanza kutafuta kitu cha kushika.

"Ni mimi niliyesema alale," alisema. "Alhamisi. Mkeo alikuwa ameshafungua kanga. Nilimshika mkono, nikamwambia mtakwenda mchana. Kila nikinyamaza naisikia sauti yangu. Ndiyo maana sinyamazi."

Mama Bosi alikuwa ndani, anasikia. Alitoka. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Hawakuwa watu wa namna hiyo. Alikaa kwenye kizingiti karibu na mkwe wake, akauchukua ungo, akaendelea kupepeta. Baada ya muda akasema, "Mama, na mimi nilingoja Jumanne." Pancha akaketi chini ukutani. Walikaa hivyo watatu mpaka jua likawafikia miguuni.

Haikuwa mwisho wa maumivu. Zile wiki tano zilikaa baina yao kwa muda mrefu. Pancha aliweza kusamehe damu mara moja, kwa sababu hakuona la kusamehe. Ukimya ulimchukua zaidi ya mwaka. Kuna siku alikuwa akipokea sahani kutoka kwa mkewe na kuiangalia kwanza, na mkewe aliliona hilo. Bibi alirudi kwake. Pancha alirudi kwenye kazi yake, katika kibanda kingine, na wateja wapya hawakujua kwamba mtu yule mpole aliwahi kuwa mchekeshaji.

Walipoanza kuzungumza juu ya mtoto mwingine, walikwenda kwa Sista pamoja.

"Na huyu nitampa?" Mama Bosi aliuliza.

"Utampa. Hakuna namna ya kumnyima."

"Basi nieleze mpaka nielewe."

Sista alifunga mlango, foleni ikasubiri, akaeleza. Mama Bosi alimrudishia maelezo kwa maneno yake mwenyewe, mara mbili, mpaka yakanyooka.

Alizaliwa msichana, naye akaandikishwa katika utafiti. Miezi minne ya kwanza waliishi kama watu wengine. Kuanzia wa tano waliacha kuishi, wakawa wanalinda. Mama alichukua likizo bila mshahara. Mtoto alilala ndani ya chandarua hata mchana, na Pancha alizunguka mtaa mzima kila jioni na fimbo, akipindua makopo ya watu wasiomjua, na alitukanwa, na aliendelea. Mwezi wa saba mtoto alipata joto siku ya Jumatano; saa moja baadaye walikuwa hospitali. Lilikuwa sikio. Pancha alimshukuru daktari kwa ajili ya sikio lile mpaka daktari akaona haya.

Wa nane. Wa tisa. Wa kumi. Siku alipotimiza mwaka Sista alimdunga kidole kwa mara ya mwisho, akawapa wazazi barua ya kumaliza utafiti, na majibu yalipotoka yalisema kwamba kingamwili za mama zimekwisha kabisa mwilini mwake. Hakuna hata moja.

"Sasa ni mtoto kama mtoto yeyote," alisema Sista. "Akiugua, ataugua kama wale wa jirani."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Pancha alijilaza sakafuni bila kuvua viatu, akalala usingizi mzito, mdomo wazi, wa mtu ambaye hajalala miezi saba. Mama Bosi alikaa kando yake na binti mapajani. Alijua anatakiwa afurahi, na alifurahi. Lakini alikuwa anamfikiria mvulana ambaye angekuwa na miaka mitatu sasa, ambaye alimpa kilekile alichompa huyu, kwa mapenzi yaleyale, na hakuna mtu duniani aliyeweza kumweleza tofauti. Binti alinyoosha mkono akamgusa shavu, akaona limelowa, akatazama vidole vyake kwa mshangao. Mama yake alivifuta vidole vile kimoja kimoja, kisha akamfungulia ziwa.